Abdulrahman Mohamed Babu: waziri aliyefungwa kwa sheria ya serikali yake

Jina la Abdulrahman Mohamed Babu bado halipiti barazani bila ya watu kugawika. Wapo wazee wetu, Maskati, Dubai na kwengineko, wanaomkumbuka kama kijana hodari aliyekijenga chama cha Hizbu tawi kwa tawi. Wapo wasiomsamehe kwa kukihama chama hicho na baadaye kusimama upande wa Mapinduzi ya Januari 1964, ambayo ndiyo yaliyozitawanya familia nyingi zinazosoma ukurasa huu. Makala hii haikusudii kuamua ugomvi huo. Inafuata uzi mmoja tu wa maisha yake: alifungwa mara ngapi, kwa sheria gani, na sheria hizo zimefikia wapi tangu alipofariki.

Tunawaandikia wajukuu zaidi kuliko wazee. Mtoto wa Kizanzibari anayekulia Uingereza, tuseme Shard End, mtaa ulio pembezoni mwa mashariki ya Birmingham, akisikia kwamba mzee fulani wa ukoo alikaa jela miaka kumi, swali lake la kwanza ni alishitakiwa kwa kosa gani. Akijibiwa kwamba hakushitakiwa kabisa, anadhani anafichwa jambo. Huko aliko, polisi kwa kawaida hawana ruhusa ya kumshikilia mtu bila ya mashitaka zaidi ya saa 24, na katika makosa mazito, kwa idhini ya hakimu, isizidi saa 96. Mtu kukaa ndani mwaka, miaka mitano, miaka kumi, bila ya hakimu kumuona, ni jambo linalohitaji maelezo. Maisha ya Babu yanaweza kuyatoa maelezo hayo, kwa sababu yeye alikuwa pande zote mbili za mlango wa jela.

Alizaliwa Unguja tarehe 22 Septemba 1924, katika damu iliyochanganyika ya Kiarabu na Kingazija kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Alifanya kazi ya ukarani katika shughuli za karafuu, kisha mwaka 1951 akaenda London kusomea uhasibu. Huko alifanya kazi posta, akasoma falsafa na fasihi, na akaingia katika makundi ya vijana kutoka makoloni waliokuwa wakidai uhuru. Akageuka kuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na msimamo huo hakuuacha mpaka anakufa.

Mwaka 1957 alirudi nyumbani kuwa katibu mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu. Alikuwa na kipaji cha kupanga kazi: matawi, vijana, magazeti, mikutano. Alikuwa miongoni mwa wanasiasa wa mwanzo wa Afrika Mashariki kwenda China, na safari zake huko ziliwatia Waingereza wasiwasi mkubwa.

Kifungo chake cha kwanza kilitoka kwa Waingereza hao. Mwaka 1962 alishitakiwa kwa uchochezi na akahukumiwa miezi 15. Ilikuwa sheria ya kikoloni, iliyotungwa ili kuziba midomo, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini tuangalie namna ilivyofanya kazi. Palikuwa na hati ya mashitaka. Palikuwa na mahakama. Palikuwa na hukumu yenye idadi ya miezi. Siku aliyoingia jela, Babu aliweza kuhesabu siku ya kutoka, na mwaka 1963 akatoka kweli. Vifungo vilivyokuja baadaye, vyake na vya wenziwe, havikuwa na hesabu hiyo.

Alipotoka alikuta mambo yamebadilika ndani ya chama. Alikhitilafiana na viongozi wa Hizbu, akajitoa, na katikati ya mwaka huo akaunda chama chake, Umma Party. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, chini ya serikali ya Hizbu na ZPPP ikiongozwa na Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Haukupita mwezi, serikali hiyo changa ikakipiga marufuku chama cha Umma. Babu akavuka bahari kwa siri mpaka Dar es Salaam. Ni vyema sisi watoto wa Hizbu tuliseme hili bila ya kuona haya: serikali ya wazee wetu, katika siku zake chache za madaraka, nayo ilishika rungu la kukizima chama cha upinzani.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalifanyika, Babu akiwa bado Dar es Salaam. Alirudi Unguja mara moja, akaingia katika Baraza la Mapinduzi na kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ulipoundwa Muungano tarehe 26 Aprili mwaka huo, alihamia serikali ya Dar es Salaam, na kwa karibu miaka minane alishika wizara mbalimbali, zikiwemo za biashara, afya na mipango ya uchumi. Alikuwa mmoja wa watu waliofungua njia ya mazungumzo na China yaliyozaa reli ya TAZARA. Mwishoni mwa 1964 alikuwa Harlem, New York, jukwaa moja na Malcolm X. Dunia ilimjua.

Hapa ndipo sheria inapoingia katika kisa. Mwaka 1962, mwaka ule ule ambao Waingereza walimfunga Babu Unguja, bunge la Tanganyika huru lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu yeyote azuiliwe, akiridhika kwamba mwenendo wa mtu huyo ni hatari kwa amani au usalama wa nchi. Aliyezuiliwa alitakiwa aelezwe sababu ndani ya siku 15. Palikuwa na kamati ya ushauri, lakini Rais hakulazimika kuufuata ushauri wake. Na lililo kubwa kuliko yote, sheria ilikataza mahakama yoyote kuihoji amri ya Rais. Muda wa juu wa kumshikilia mtu haukuwekwa. Viongozi walisema nchi ni changa na ina maadui, na kwa sababu hiyo hiyo walikataa kutia sura ya haki za binadamu ndani ya katiba. Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa na amri zake za kuzuia watu, tena bila ya bunge la kuzijadili.

Waliokuwa wa kwanza kuonja ukali wa mambo haya ni wale waliopinduliwa. Sheikh Ali Muhsin Barwani, Mohamed Shamte na mawaziri wenzao walikamatwa Januari 1964 na wakahamishiwa magereza ya Bara. Sheikh Ali Muhsin alikaa miaka kumi, kutoka 1964 mpaka 1974, bila ya kufikishwa mbele ya hakimu hata siku moja. Alifariki Maskati mwaka 2006, na wengi wetu tulimjua. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo kumi, Babu, aliyekuwa katibu mkuu wa chama chao, alikuwa waziri katika serikali iliyowashikilia. Alikuwa na maadui Zanzibar na hakuwa na sauti ya mwisho Dar es Salaam, lakini alikaa katika baraza la mawaziri sheria hiyo ikitumika.

Baadaye ikaanza kuwala wanamapinduzi wenyewe. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Zanzibar katika siku za mwanzo za Mapinduzi, aliwekwa kizuizini Bara, akaachiwa, kisha mwaka 1969 akakamatwa tena na kupelekwa Unguja pamoja na Othman Sharif. Hawakurudi. Waliuawa, na hakuna kaburi ambalo familia zao zimeoneshwa. Wakati huo huo Zanzibar ilianzisha Mahakama za Wananchi, ambamo mahakimu hawakuhitaji kusomea sheria na mshitakiwa hakuruhusiwa wakili.

Februari 1972 Babu aliondolewa katika baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili, Mzee Abeid Karume alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui. Aliyefyatua risasi, Luteni Humud Mohamed Humud, alikuwa na uhusiano na watu wa Umma. Kamatakamata ikafuata. Unguja walikamatwa mamia, na wengi waliteswa ili wakiri. Bara walikamatwa Babu na wenzake kadhaa, kwa Sheria ya Kizuizini ya 1962.

Serikali ya Zanzibar ilimtaka Babu apelekwe Unguja. Mwalimu Nyerere alikataa. Yaliyowapata Hanga na Othman Sharif yalikuwa yanajulikana, na inaelekea Nyerere hakutaka kuyabeba mara ya pili. Kwa hiyo hali ikawa hivi: sheria iliyomnyima Babu mahakama ndiyo iliyomuweka mbali na mahakama ambayo ingemuua. Kesi ya Unguja ilianza 1973, dhidi ya watu wapatao 80, wengine wao wakiwa wamezuiliwa Bara na hawakuwepo kujitetea. Upande wa mashitaka uliongozwa na Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado. Wakili wa utetezi hapakuwa. Mwaka 1974 mahakama ilimhukumu Babu kifo hali hayupo. Hukumu hiyo haikutekelezwa, wala hakuachiwa. Alibaki gerezani Bara: kule amehukumiwa bila ya kusikilizwa, huku amefungwa bila ya kuhukumiwa.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa Shard End, kwa sababu mwaka huo huo wa 1974 mji wake nao uliingia katika mtihani wa aina hii. Tarehe 21 Novemba mabomu yaliripuka katika baa mbili katikati ya Birmingham na kuua watu 21. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza alikuwa Roy Jenkins, na jimbo lake la uchaguzi lilikuwa Stechford, upande ule ule wa mashariki ya mji iliko Shard End. Watu aliowawakilisha walikuwa na hofu na hasira. Haikutimia wiki mbili, bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ugaidi iliyoruhusu polisi kumshikilia mtuhumiwa saa 48 bila ya mashitaka, na Waziri kuongeza siku tano. Jumla siku saba. Na sheria yenyewe ilipewa umri wa miezi sita: bunge lisipoipitisha tena, inakufa.

Tusiwapambe Waingereza. Ireland ya Kaskazini, kutoka 1971 mpaka 1975, waliwaweka watu ndani bila ya kesi, kama walivyofanya Kenya katika miaka ya hamsini. Na kwa mabomu hayo ya Birmingham walifungwa maisha watu sita ambao hawakuyatega. Walikaa zaidi ya miaka 16 mpaka Mahakama ya Rufaa ilipowaachia Machi 1991. Mahakama zinaweza kukosea, tena vibaya. Lakini kesi ya wale sita ilikuwa na faili, ushahidi ulioandikwa, na mlango wa rufaa uliogongwa mara tatu mpaka ukafunguka. Kizuizi cha Babu hakikuwa na mlango wa kugonga. Tofauti baina ya siku saba na miaka sita inatokana na jambo hilo: palikuwa na mtu mwengine, nje ya serikali, mwenye haki ya kuuliza au hapakuwa.

Palipokosekana hakimu wa kuuliza, waliuliza watu wa kawaida. Amnesty International, iliyoanzishwa London mwaka 1961, ilimtambua Babu kuwa mfungwa wa dhamiri, na wanachama wake wakawa wanaandika barua kwa serikali ya Tanzania mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo haikuhitaji ukubwa. Ilihitaji karatasi, stempu na subira. Babu mwenyewe hakukaa bure. Akiwa gerezani aliandika kitabu cha kuchambua siasa ya ujamaa wa Tanzania, kikachapishwa London mwaka 1981 kwa jina la African Socialism or Socialist Africa?

Aliachiwa Aprili 1978, baada ya miaka sita. Hakupewa hati ya kusema amekosa au hakukosa. Mwaka uliofuata aliondoka nchini. Alifundisha Marekani, San Francisco na Amherst, kisha akahamia London katika miaka ya themanini, akafundisha chuo cha Birkbeck na kuandika katika majarida ya Kiafrika yaliyotoka mjini humo. Katika nyumba ya uhamishoni alipokea watu wa kila aina, na miongoni mwao walikuwemo Wazanzibari waliokuwa maadui zake wa siasa miaka ishirini nyuma. Katika maandishi yake ya miaka hiyo alidai vyama vingi na utawala unaofuata sheria. Jambo ambalo hakulisimamia hadharani alipokuwa waziri, alilisimamia alipokuwa mkimbizi.

Nyumbani sheria zilianza kulegea, polepole. Mwaka 1984 katiba ya Tanzania ilitiwa sura ya haki za binadamu, na Zanzibar ikapata katiba mpya yenye haki hizo. Serikali ya Muungano ilijipa muda wa miaka mitatu kabla ya mahakama kuruhusiwa kuzisimamia haki hizo, kwa hiyo zilianza kufanya kazi mahakamani Machi 1988. Mwaka 1985 Sheria ya Kizuizini ilirekebishwa: kifungu kilichozikataza mahakama kuihoji amri ya Rais kiliondolewa. Marekebisho hayo hayo yaliieneza sheria hiyo mpaka Zanzibar. Yaani mkono mmoja ulifungua na mwengine ukapanua. Mahakama za Wananchi nazo ziliondoka katika miaka hiyo.

Kabla ya marekebisho hayo kufika, sheria ilipata mtu mmoja zaidi wa kukumbukwa. Katika mjadala wa katiba wa 1983 na 1984, Wolfgang Dourado alikosoa hadharani muundo wa Muungano. Akawekwa kizuizini. Mwanasheria aliyeongoza mashitaka katika kesi ambayo Babu hakupata nafasi ya kujitetea, sasa mwenyewe yumo ndani na hana kesi ya kujitetea.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuangalia suala la vyama vingi. Ripoti yake iliorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinakandamiza, na Sheria ya Kizuizini ya 1962 ilikuwamo. Vyama vingi vikaja 1992. Baadhi ya sheria zikarekebishwa. Lakini toleo la sheria za nchi lililopitiwa upya mwaka 2002 bado lilikuwa nayo, sura ya 361. Haitumiki kama zamani, lakini miaka kumi baada ya ripoti ya Nyalali ilikuwa bado mahali pake.

Babu alirudi Tanzania kwa siasa za vyama vingi mwaka 1995, akajiunga na NCCR-Mageuzi. Alipendekezwa kuwa mgombea mwenza wa Augustine Mrema katika uchaguzi wa Rais, lakini hakuruhusiwa kusimama. Afya yake ilikuwa imeshaanza kuzorota. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996, karibu na kutimiza miaka 72, na akarudishwa kuzikwa Zanzibar, katika ardhi ambayo mahakama yake ilimuhukumu kifo. Aliokuwa nao kizuizini na waliokuwa wakimpinga walisimama safu moja kumsalia.

Basi mjukuu akiuliza, aelezwe hivi. Waingereza walimfunga Babu kwa sheria mbaya yenye mwisho. Serikali ya Hizbu ilikifuta chama chake. Serikali aliyoitumikia iliwafunga viongozi wa Hizbu kwa sheria isiyo na mwisho, na alipoanguka ikamfunga yeye kwa sheria hiyo hiyo. Kila mmoja alipokuwa na nguvu aliona rungu ni salama maadamu limo mkononi mwake. Sheikh Ali Muhsin na Babu hawakukubaliana katika mengi, lakini miaka kumi ya mmoja na sita ya mwengine ilitoka katika uwezo wa aina moja: wa serikali kumfungia mtu bila ya yeyote kuihoji.

Jambo la kudai, kwa yeyote mwenye ndugu Unguja, Pemba au Bara, ni dogo na linaeleweka hata na mtoto wa skuli. Anayekamatwa aambiwe kosa lake, afikishwe mbele ya hakimu kwa siku zinazohesabika, awe na wakili, na jamaa zake wajue alipo. Hilo lidaiwe kwa ajili ya tunayempenda na tusiyempenda, kwa sababu zamu zinabadilika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdulrahman Babu, amrehemu Sheikh Ali Muhsin, na awarehemu wote waliokufa kizuizini ambao makaburi yao hatuyajui. Amin.